Nafasi kati ya stafu: kwa nini maneno ya wimbo hugongana na nota, na namna ya kurekebisha

Kwaya nyingi siku hizi hupata wimbo mpya kwa simu. Mwalimu anatuma faili la PDF kwenye kundi la WhatsApp Jumanne, Alhamisi wanakwaya wanakutana kwa mazoezi, na Jumapili wimbo unatakiwa uwe tayari. Mazoezini linatokea jambo la kushangaza. Sauti ya pili inaimba maneno ya sauti ya tatu. Kinamama wa sauti ya kwanza wanaruka mstari mzima. Mwalimu anarudia, anakasirika, anarudia tena. Ukiichukua karatasi na kuihakiki, nota zote ni sahihi na maneno yote ni sahihi. Kilichokosewa ni nafasi tu: mistari imebanana kiasi kwamba jicho haliwezi kujua maneno yaliyo katikati ni ya waimbaji wa juu au wa chini.

Makala haya yanaeleza nafasi hiyo hupangwaje katika programu za kompyuta za kuandikia muziki. Yanamhusu zaidi mwalimu anayechapa nyimbo mwenyewe, lakini hata mwimbaji mwenye simu tu atajua la kumwomba mwalimu wake.

Stafu, safu na pengo

Ile mistari mitano ambayo nota hukaa juu yake huitwa stafu. Wimbo wa sauti nne unaweza kuandikwa kwa stafu nne, kila sauti na yake, au kwa stafu mbili: sauti ya kwanza na ya pili juu, ya tatu na ya nne chini. Stafu zote zinazoimbwa kwa wakati mmoja hufungwa pamoja kwa mstari wa wima upande wa kushoto. Kundi hilo hapa tutaliita safu. Ukifika mwisho wa safu upande wa kulia, unashuka kwenye safu inayofuata, kama unavyoshuka mstari unaposoma kitabu.

Programu za muziki hazipimi kwa sentimita. Hupima kwa pengo, yaani umbali kati ya mstari mmoja wa stafu na mstari wa jirani yake. Stafu ya mistari mitano ina mapengo manne. Kwenye skrini utaona namba imefuatwa na herufi sp. Hilo ndilo pengo. Katika MuseScore, programu ya bure inayotumiwa sana, pengo moja huanza likiwa milimita 1.75, kwa hiyo stafu nzima ina urefu wa milimita 7 kutoka mstari wa chini hadi wa juu. Ukibadilisha ukubwa wa pengo, kila kitu hukua au hupungua pamoja nalo: nota, vijiti vyake, na umbali kati ya stafu. Ni jambo la kukumbuka, kwa sababu wengi huanza kurekebisha mahali pasipo penyewe.

Zamani kazi hii ilifanywa kwa nyundo. Mchongaji wa muziki wa Ulaya alichukua bamba la bati lililochanganywa na risasi, akachora stafu zote kwa chombo chenye meno matano, kisha akagonga nota moja moja kwa mihuri ya chuma, tena kinyumenyume ili zikichapwa zisomeke vizuri. Stafu ikishachorwa haihami. Kwa hiyo ilimbidi ahesabu kabla ya kugusa bamba: maneno yako wapi, nota za chini sana ziko wapi, safu ngapi zitaingia katika ukurasa. Kompyuta imetuondolea kazi ya nyundo. Ya kuhesabu bado tunayo, ila wengi hatuifanyi.

Ukaribu ndio unaosema nani ni wa nani

Mwimbaji hasomi karatasi kwa utulivu kama mtu asomaye barua. Anatupa jicho mara moja, anaimba, anamtazama mwalimu, anarudi kwenye karatasi. Anaporudi, jicho lake huunganisha vilivyo karibu na kutenganisha vilivyo mbali, bila yeye kufikiri.

Kuna umbali wa aina tatu. Wa kwanza ni kati ya maneno na stafu yao. Wa pili ni kati ya stafu na stafu ndani ya safu moja. Wa tatu ni kati ya safu na safu. Wa kwanza uwe mdogo kuliko wote, wa pili uwe mkubwa kidogo, wa tatu uwe mkubwa kuliko wote. Maneno yakikaa katikati kabisa, mbali sawasawa na stafu ya juu na ya chini, wa sauti ya tatu atayachukua kuwa ni yake. Na safu mbili zikikaribiana sawa na stafu za ndani, ukurasa unaonekana kama ukuta mmoja wa mistari, na mtu akifika mwisho wa safu hajui ashuke wapi. Wale kinamama walioruka mstari hawakuwa wazembe.

Kwa nini unabadilisha namba na hakuna kinachotokea

Hili ndilo linalowachosha watu. Unafungua mipangilio, unapunguza umbali kati ya stafu kutoka 6.5 hadi 5, unatazama ukurasa, na stafu ziko palepale. Unajaribu 4. Palepale. Unaamua programu ni mbovu.

Programu si mbovu. Namba uliyoandika ni moja tu kati ya mambo matatu yanayovutana. Namba hiyo huwa ni umbali wa chini, yaani stafu zisikaribiane zaidi ya hapo. Jambo la pili ni mgongano: programu huangalia kinachoning'inia chini ya stafu ya juu, kama maneno, vijiti na nota za chini, na kinachochomoza juu ya stafu ya chini. Vikitaka kugusana, stafu husukumwa mbali hata kama namba yako inasema vinginevyo. Jambo la tatu ni kujaza ukurasa: programu ikibakiwa na nafasi tupu chini ya karatasi, huigawa kati ya stafu na safu ili safu ya mwisho ifike chini kabisa.

Kwa hiyo ukipunguza namba na stafu zisisogee, ama kuna maneno yanayozizuia au ukurasa unajazwa. Namna rahisi ya kujua ni kuzima kwanza kujaza ukurasa. Katika MuseScore fungua menyu ya Format, kisha Style, kisha Page. Utaona kisanduku kilichoandikwa Enable vertical justification of staves. Ondoa alama yake. Hapo namba za umbali zitafanya kazi waziwazi, na utaona ukurasa wako ulivyo kabla ya kutandazwa. Ukimaliza kupanga unaweza kukirudisha. Mimi hukiacha kimezimwa kwa nyimbo fupi, kwa sababu ukurasa wa mwisho wenye safu mbili tu ukitandazwa hupendeza kidogo sana.

Mtego mwingine uko hapohapo. Stafu mbili za kinanda zina namba yake, Grand staff distance, na stafu za waimbaji zina yake, Staff distance. Mtu anabadilisha ya waimbaji, anashangaa kinanda hakisogei. Umbali kati ya safu nao uko peke yake: Min. system distance, ambao huanza kwenye 8.5. Wimbo wenye maneno chini ya sauti ya nne mara nyingi huhitaji zaidi ya hapo, tuseme 11 au 12, kwa sababu maneno yale yameshakula sehemu ya nafasi.

Anza na ukubwa, halafu safu, halafu umbali

Tuchukue mfano wa hesabu. Karatasi ya A4 ina urefu wa milimita 297. Ukiacha milimita 15 juu na 15 chini, unabaki na 267. Wimbo wako una stafu nne kwa kila safu, na pengo ni milimita 1.75. Stafu nne ni milimita 28. Kati yake kuna nafasi tatu za mapengo 6.5, karibu milimita 34. Safu moja basi ni milimita 62, na kati ya safu na safu ni milimita 15 hivi. Safu tatu zinakula 216. Ukiongeza kichwa cha wimbo na jina la mtunzi, ukurasa wa kwanza umejaa vizuri. Safu ya nne haiingii hata katika kurasa zisizo na kichwa, kwani safu nne zingehitaji milimita 293.

Sasa punguza pengo hadi milimita 1.5. Safu inakuwa milimita 53, na safu nne pamoja na nafasi zake zinafika karibu 251. Zinaingia. Wimbo wa safu 11 uliokuwa kurasa nne (tatu, tatu, tatu na mbili) sasa ni kurasa tatu. Kwa kwaya ya watu 40 hizo ni kurasa 120 badala ya 160 pale steshenari. Steshenari ikitoza kwa upande, umeokoa kurasa 40. Ikitoza kwa karatasi na unachapa pande mbili, hujaokoa kitu, kwa sababu kurasa tatu na kurasa nne zote ni karatasi mbili. Ni bora kuuliza kabla ya kubana nota za watu bure.

Ukubwa wa pengo hubadilishwa kwenye Format, Page settings, mahali palipoandikwa Staff space. Kwa waimbaji wanaoshika karatasi mikononi, milimita 1.5 husomeka. Chini ya hapo wazee wa sauti ya nne wataanza kuisogeza karatasi mbali na macho, na ukumbini taa ikiwa hafifu ndiyo kabisa.

Baada ya ukubwa, amua safu zinakatika wapi. Chagua mstari wa mwisho wa kipande cha muziki na bonyeza Enter. Safu itaishia hapo. Bonyeza Ctrl pamoja na Enter na ukurasa utaishia hapo. Ishia penye pumzi au mwisho wa sentensi ya maneno. Namba za umbali ziguse baada ya hapo, kwa sababu kila safu inapokatwa upya mgongano hubadilika.

Kuhamisha kwa mkono kuwe kwa mwisho. MuseScore ina kifaa kiitwacho spacer, kwenye kisanduku cha zana cha Layout, nacho kiko cha aina tatu. Cha kwanza husukuma stafu ya chini iende mbali zaidi, cha pili husukuma ya juu, na cha tatu hufunga umbali ubaki uleule hata kama vitu vinagongana. Huwekwa kwenye kipande kimoja cha muziki na hufanya kazi katika safu hiyo tu. Ni msaada mkubwa pale safu moja ilipo na nota za chini isivyo kawaida. Ila ukibadilisha kitu baadaye na kile kipande kikahamia safu nyingine, spacer nayo inahama. Nimewahi kupokea wimbo wenye pengo kubwa katikati ya ukurasa wa pili bila sababu, kumbe ni spacer iliyosahaulika tangu wimbo ulipokuwa na ubeti mwingine.

Sauti ya tatu katika stafu mbili

Wimbo ulioandikwa kwa stafu mbili huokoa karatasi nyingi, na maneno huandikwa mara moja tu katikati. Taabu yake ni sauti ya tatu. Katika stafu ya chini, yenye alama ya besi, do ya katikati ya kinanda tayari inakaa juu ya stafu kwenye kistari cha nyongeza. Tena ya kwaya zetu hupenda kupanda hadi sol ya juu ya hiyo, ambayo iko kwenye kistari cha tatu cha nyongeza, mapengo matatu juu ya stafu. Kijiti chake kinaelekea juu, kwa sababu vijiti vya kuelekea chini ni vya sauti ya nne. Ukijumlisha, kinafika mapengo kama sita, zaidi ya sentimita moja. Hapo ndipo maneno yanapotaka kukaa.

Programu itayasukuma mambo mbali, na safu hiyo moja itakuwa pana kuliko nyingine zote. Usiilazimishe kurudi. Ama kubali safu hiyo ipanuke, ama ongeza Grand staff distance au Staff distance katika wimbo mzima ili safu zote zifanane, ama, ikiwa sauti ya tatu inakaa juu muda mrefu, andika wimbo kwa stafu nne. Kwa maoni yangu hilo la mwisho ndilo bora kwa kwaya inayojifunza, hasa pale sauti zinapoingia kwa zamu na maneno tofauti. Karatasi ya ziada ni rahisi kuliko mazoezi mawili ya ziada.

Mabeti mengi

Nyimbo zetu nyingi zina kiitikio na mabeti manne au matano. Kuyaweka yote chini ya nota, moja juu ya jingine, ndiyo njia ya haraka ya kuharibu nafasi. Ubeti mmoja hula mapengo mawili na zaidi. Matano hula zaidi ya mapengo kumi, na stafu ya chini inakuwa mbali hadi haionekani kuwa ya safu ileile. Kiswahili nacho kina maneno ya silabi nyingi. Neno kama "tunakushukuru" lina silabi sita, kila moja na nota yake na kistari chake cha kuunganisha, kwa hiyo safu hujaa haraka na idadi ya safu huongezeka.

Weka mabeti mawili chini ya nota, hata matatu kama wimbo ni mfupi. Yaliyobaki yaandike kama shairi la kawaida mwishoni mwa ukurasa. Mwimbaji akishaimba mabeti mawili, sauti ameshaishika. Anahitaji maneno tu. Ukubwa wa herufi na umbali wa maneno na nota hurekebishwa kwenye Format, Style, Lyrics.

Kama kuna sehemu ambapo sauti ya kwanza inaimba peke yake kwa muda mrefu, stafu tatu tupu zinaweza kufichwa ili kuokoa nafasi. Ukifanya hivyo, hakikisha kila safu ina herufi S, A, T, B pembeni. Bila herufi hizo, stafu moja iliyobaki peke yake itaimbwa na yeyote aliye jasiri.

Programu nyingine

Wapo walimu waliozoea Finale, programu iliyokuwepo tangu 1988. Agosti 2024 kampuni ya MakeMusic ilitangaza kuwa haitaiendeleza tena. Aliye nayo anaweza kuendelea kuitumia kompyuta yake inapokubali, ila ni busara kuyatoa mafaili ya zamani kwa muundo wa MusicXML, ambao programu nyingine huusoma. Nota na maneno huhama salama. Nafasi kati ya stafu mara nyingi haziji zilivyokuwa, na kazi ya kupanga huanza upya.

Sibelius na Dorico zina mambo yaleyale matatu kwa majina mengine: umbali wa chini, mgongano, na kujaza ukurasa. LilyPond, ambayo ni ya bure, haina kipanya. Unaandika maagizo kwa maneno, nayo huamua mengi yenyewe, tena kwa ustadi.

Karatasi, simu na steshenari

Kabla ya kutoa PDF, angalia aina ya karatasi. Kompyuta iliyowekwa kwa mazoea ya Marekani huweza kufungua ukurasa wa Letter, wenye milimita 216 kwa 279. Ukipelekwa steshenari na kuchapwa kwenye A4, mashine huupunguza na kuacha nafasi tupu chini. Mwambie anayechapa aweke ukubwa halisi, asilimia 100.

Simu ni jambo jingine. Skrini nyingi zina upana wa sentimita 7 hivi. Ukurasa wa A4 ukifunguliwa mzima hapo unapungua hadi theluthi moja, na stafu ya milimita 7 inakuwa milimita 2 na kidogo. Mwimbaji anaukuza kwa vidole, na akiukuza hauoni tena upande wa kulia. Kama kwaya yako inasoma kwenye simu, tengeneza faili la pili. Hifadhi wimbo kwa jina jingine, fungua Page settings, chagua A6, yaani milimita 105 kwa 148, punguza kingo ziwe milimita 5, acha pengo kama lilivyo, na ondoa vikomo vya safu ulivyoweka. Kurasa zitakuwa nyingi, huenda kila ukurasa na safu moja au mbili tu, lakini stafu itaonekana kwa milimita 4 na nusu hivi. Kupeleka ukurasa kwa kidole ni rahisi kuliko kuukuza.

Litume faili kama hati, si kama picha. Picha za WhatsApp hubanwa ili kuokoa bando, na mistari mitano iliyo karibu karibu ndiyo ya kwanza kuharibika.

Ukipata mpangilio unaokufaa, usiupange upya kwa kila wimbo. Format ina Save style, inayohifadhi namba zako zote katika faili dogo linaloishia na .mss. Wimbo unaofuata bonyeza Load style, chagua faili hilo, na umbali wote utarudi kama ulivyouweka. Ukubwa wa karatasi utazame tena, kisha chapa ukurasa mmoja tu, uweke juu ya benchi, simama hatua mbili nyuma na ujaribu kuimba sauti ya tatu.